Kufungwa, Kufungamana na Kutofunguka: Uhakiki wa Istilahi za Kwaki Nzito katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki namna dhana za fizikia ya kwaki nzito zinavyoelezwa kwa Kiswahili, hasa dhana ya chembe mbili zinazoshikana na kuwa kitu kimoja. Wanafunzi wetu wa Bukavu huijua dhana hiyo kwa jina la Kifaransa, état lié, kwa sababu Kifaransa ndicho lugha ya mihadhara na ya mitihani yao. Hata hivyo, wanapotoka darasani na kuketi pamoja ili kuelezana yale waliyofundishwa, hutumia Kiswahili. Hapo ndipo tatizo tunalolijadili linapojitokeza.

Mwanafunzi mmoja wa fizikia alituletea daftari lake ili tumsaidie kusahihisha lugha. Alikuwa ameandika sentensi mbili, moja chini ya nyingine: elektroni imefungwa na kiini cha atomi, kwaki imefungwa ndani ya protoni. Kisarufi sentensi zote mbili hazina kosa. Tukamwuliza, kwa udadisi tu, ni nishati kiasi gani inayohitajika ili kuitoa kwaki hiyo nje. Bila kusita alichukua kalamu akaanza kukokotoa, kama ambavyo angefanya kwa elektroni ya haidrojeni. Alipoulizwa swali lilelile kwa Kifaransa, aliiweka kalamu chini na kujibu kwamba haiwezekani, kwani kwaki haijapata kutolewa nje peke yake. Somo alilijua. Lililompoteza ni kitenzi kimoja, kufungwa, kilichobeba dhana mbili ambazo Kifaransa huzitenga.

Hoja yetu ni kwamba wanaojishughulisha na istilahi hizi wamekuwa wakitumia nguvu nyingi pale ambapo hazihitajiki, yaani kwenye majina ya kwaki, na kupuuza pale zinapohitajika, yaani kwenye vitenzi. Tutaonyesha kwamba majina hayo yafaa yatoholewe tu, ilhali dhana za kushikana na kuachana yafaa ziundwe kutokana na mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili, ambao una uwezo wa kutosha kwa kazi hiyo.

2.0 Majina yasiyobeba dhana

Kwaki ni chembe ambazo ndizo hujenga protoni, nyutroni na jamaa zake. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1964 na wanafizikia wawili waliofanya kazi mbalimbali, Murray Gell-Mann na George Zweig. Zweig alizipa chembe zake jina kutokana na mchezo wa karata. Gell-Mann alichukua tahajia ya jina lake kutoka katika riwaya ya James Joyce, Finnegans Wake, iliyochapishwa mwaka 1939. Jina la Gell-Mann ndilo lililoshinda. Tangu mwanzo, basi, jina hili halikueleza chochote kuhusu kitu chenyewe. Lilipendwa kwa mlio wake.

Leo tunajua aina sita za kwaki. Tatu huitwa nyepesi na tatu huitwa nzito. Katika Kiingereza majina ya hizo sita yana maana ya juu, chini, geni, haiba, kileleni na kitakoni. Mfasiri anayefuata njia ya tafsiri sisisi, yaani kufasiri neno kwa neno, hukwama mara tatu. Kwanza, jozi mbili za majina, juu na chini kwa upande mmoja, kileleni na kitakoni kwa upande mwingine, hugongana katika Kiswahili, kwa kuwa mzungumzaji wa kawaida husema juu na chini kwa jozi zote mbili. Kwa hiyo chembe nyepesi kabisa na chembe nzito kuliko zote hupata jina moja. Akijaribu kuzitenga kwa kutumia kitako, darasa zima litacheka, na mwalimu hatalirudisha kwa urahisi. Pili, jina la kwaki ya nne, ambalo wengine hupenda kulifasiri kuwa mvuto, huangukia kwenye shamba la neno lingine: mvuto na mvutano ni maneno yaliyokwisha kushika dhana ya vitu kuvutana, na msomaji atadhani kwamba kwaki hiyo ina uhusiano wa pekee na uvutano wa dunia. Tatu, hata tafsiri isiyogongana na neno lolote, kama vile haiba, haimsaidii mwanafunzi kujua chochote. James Bjorken na Sheldon Glashow waliibatiza kwaki hii mwaka 1964, miaka 10 kabla ya kuonekana, kwa sababu tu nadharia yao iliwapendeza.

Hapa twapendekeza kipimo kimoja chepesi. Kabla ya kufasiri sitiari ya kisayansi, tuulize kama sitiari hiyo inafanya kazi katika nadharia. Ikiwa inafanya kazi, ifasiriwe. Ikiwa imelala, jina litoholewe. Chukua neno rangi. Kwaki hazina rangi inayoonekana kwa macho, lakini nadharia yasema kwamba kila kwaki huchukua mojawapo ya hali tatu, na kwamba hali zote tatu zikikutana hufutana, kama rangi tatu za mwanga zinavyotoa weupe. Sitiari hii inafanya kazi. Anayeelewa neno rangi ameelewa kwa nini protoni huundwa kwa kwaki tatu. Neno rangi, basi, libaki. Ladha, kwa upande mwingine, haifanyi kazi yoyote. Neno la kawaida, aina, latosha. Na uzito je? Uzito unafanya kazi kubwa, kama tutakavyoona, kwa hiyo tuseme kwaki nzito bila wasiwasi.

Kwa majina ya zile tatu nzito, tutohoe: chamu, botomu na topu. Tunajua kwamba msomaji wa Kongo, aliyezoea matamshi ya Kifaransa, angependa kusema sharme, na kwamba yule wa Dar es Salaam aliyesoma kwa Kiingereza hatakubaliana naye. Ugomvi huu wa zamani kati ya pwani na bara, kati ya wanaokopa kwa Waingereza na wanaokopa kwa Wafaransa, hauna haja ya kutuchelewesha. Herufi c, b na t hutumiwa na wanafizikia wa lugha zote, na zaweza kuwa daraja: kwaki c, kwaki b, kwaki t. Waliozigundua chembe hizi wenyewe hawakupatana juu ya majina. Mnamo Novemba 1974 kundi la Samuel Ting huko Brookhaven na kundi la Burton Richter huko Stanford yalitangaza kwa pamoja chembe mpya yenye tungamo la elektronivolti bilioni 3.1, zaidi kidogo ya mara 3 ya tungamo la protoni. Kundi moja liliiita J, la pili likaiita psi. Hakuna aliyekubali kuacha jina lake, na hadi leo chembe hiyo huandikwa J/psi. Ting na Richter walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja mwaka 1976. Ikiwa sayansi imeishi na jina lenye vichwa viwili kwa zaidi ya nusu karne bila madhara, nasi hatutadhurika kwa kuwa na chamu na sharme kwa muda.

3.0 Fungamano

Madhara huanza tunapofika kwenye kitenzi. J/psi si kwaki moja. Ni kwaki ya chamu na kwaki kinzani yake, zikizungukana. Jamii ya mifumo iliyo na umbo hili huitwa chamonia. Ikiwa ni ya botomu, huitwa botomonia, ambayo ilionekana mara ya kwanza mwaka 1977 katika maabara ya Fermilab na kundi la Leon Lederman, ikiwa na tungamo la elektronivolti bilioni 9.46. Kiishio -onia kimetoholewa, nasi hatuna pingamizi nacho, maana ni jina tu. Swali ni hili: kwaki hizo mbili zimefanya nini? Je, zimefungwa?

Kauli ya kutendwa, yenye kiambishi -w-, humdai mtenda. Mbuzi amefungwa: na nani, na kwenye kigingi gani? Katika atomi ya haidrojeni kauli hii yavumilika. Kiini kina tungamo la takriban mara 1,836 ya tungamo la elektroni, hukaa karibu kutulia katikati, na elektroni huizunguka kati hiyo. Kiini ni kigingi, elektroni ni mbuzi. Lakini katika chamonia hakuna kigingi. Kwaki na kinzani yake zina tungamo sawasawa, na kila moja huizunguka kati iliyo tupu baina yao. Kusema kwamba mojawapo imefungwa ni kudai mfungaji asiyekuwapo.

Kiswahili kina umbo linalolingana na hali hii bila kulazimishwa. Mzizi -fung- ukiongezewa -am-, unaoonyesha hali ya kukaa katika msimamo fulani, na kisha -an-, unaoonyesha kutendeana, twapata -fungamana. Ni njia ileile iliyotupa -shikamana na -andamana. Umbo hili lasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba kitendo ni cha pande mbili zilizo sawa, na kwamba matokeo yake ni hali inayodumu, si tukio la mara moja. Hayo ndiyo mambo mawili ambayo mwanafizikia huyataka. Nomino yake, fungamano, wingi mafungamano, tayari imo kinywani mwa watu. Tena, fizikia ya Kiswahili imekwisha kuzoea maumbo ya aina hii: msuguano, mgongano, mvutano, yote yamejengwa juu ya -an-, na tungamo limejengwa juu ya -am-. Hatubuni kitu kigeni. Twaendeleza desturi ambayo wanaistilahi wa Dar es Salaam wameitumia, wakiwemo wale wa TUKI waliotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Wenzetu wa isimu wanaweza kupendekeza hali funge, kwa mfano wa mofimu funge. Pendekezo hilo lavutia, lakini lagonga dhana jirani. Mofimu funge ni ile isiyoweza kusimama peke yake: m- katika mtoto, au -toto yenyewe. Hiyo si sifa ya kila fungamano. Elektroni ya haidrojeni imo katika fungamano, na bado yaweza kutoka ikasimama peke yake. Ufunge wa mofimu unafanana zaidi na dhana ya pili, ambayo sasa tunaifikia.

4.0 Kutofunguka

Ili kuielewa dhana ya pili, yatupasa kueleza kani iliyopo kati ya kwaki na kinzani yake. Mwaka 1973 David Gross na Frank Wilczek kwa upande mmoja, na David Politzer kwa upande mwingine, walionyesha kwamba kani hiyo hulegea kwaki zinapokaribiana sana. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Katika miaka ya 1970 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cornell, Estia Eichten na wenzake, waliieleza chamonia kwa hesabu fupi yenye sehemu mbili. Kwa umbali mdogo sana, kwaki huvutana kwa namna inayofanana na umeme. Kwa umbali mkubwa zaidi, kani haipungui tena. Hubaki ileile hata umbali ukiongezeka.

Mfano wa ndoo ya kisimani utatusaidia. Anayevuta ndoo hutumia nguvu sawa kwa kila pima ya kamba. Kadiri kisima kilivyo kirefu, ndivyo kazi inavyokuwa nyingi, na hakuna mahali ambapo ndoo huwa nyepesi ghafula. Kati ya kwaki nzito mbili uzito wa ndoo hiyo ni takriban tani 15, mzigo wa lori zima, ukivutwa na chembe mbili zilizo ndogo kuliko protoni. Elektroni haiko hivyo. Kwake kani hufifia kwa umbali, na nishati yenye kikomo, elektronivolti 13.6 katika haidrojeni, yatosha kuitoa nje kabisa.

Ushahidi wa sehemu hizi mbili umo katika namba ambazo msomaji asiye mwanafizikia aweza kuzifuata. Chamonia ina ngazi za nishati kama atomi. Kati ya J/psi na ngazi inayofuata ya aina yake pana nafasi ya elektronivolti milioni 589. Katika botomonia, ambayo kwaki zake zina tungamo la zaidi ya mara 3 ya chamu, nafasi kama hiyo ni elektronivolti milioni 563. Kama kani ingekuwa ya aina ya umeme peke yake, nafasi ingekua kwa kadiri tungamo linavyokua. Kama ingekuwa ya aina ya ndoo peke yake, ingepungua waziwazi. Kukaribiana kwa namba hizi mbili kwaonyesha kwamba sehemu zote mbili zipo na zinasawazishana. Hapa pia ndipo neno nzito linapofanya kazi. Kwaki nyepesi hukimbia kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na mahesabu yao huvurugika. Kwaki nzito huenda polepole kiasi kwamba ngazi zao zaweza kusomwa kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa mwaka wa tatu amekwisha kuziona.

Sasa tuvute kamba zaidi. Kabla kwaki haijatoka nje, kazi iliyotumika imekwisha kutosha kuzaa kwaki mpya na kinzani yake. Kamba hukatika, lakini kila ncha iliyokatika imekwisha kupata mwenzake: badala ya kwaki mbili huru twapata mafungamano mawili. Hii ndiyo dhana ambayo Kifaransa huiita confinement, na ambayo daftari la mwanafunzi wetu liliiita kufungwa.

Mzizi uleule -fung- una kinyume chake, -fungua, na kutokana nacho -funguka: kuwa katika hali ya kufunguliwa, au kuweza kufunguliwa. Tunapendekeza, basi, kwamba dhana hii iitwe kutofunguka. Elektroni na kiini zimefungamana, na fungamano lao hufunguka. Kwaki na kinzani yake zimefungamana, na fungamano lao halifunguki. Mwanafunzi anayeandika hivyo hawezi kuanza kukokotoa nishati ya kuitoa kwaki, kwa sababu sentensi yenyewe imekwisha kumzuia. Neno ufunge lingeweza kuitaja sifa hiyo, lakini halina kitenzi cha kinyume, na kinyume hicho twakihitaji. Mwaka 1986 Tetsuo Matsui na Helmut Satz walitoa hoja kwamba katika joto kali mno, lile linalopatikana viini vizito vinapogonganishwa kwa kasi kubwa, kwaki hazishikwi tena, na kwamba kupungua kwa J/psi kungekuwa dalili ya hali hiyo. Kupungua huko kumeonekana katika majaribio ya CERN. Aidha, katika mashine ya LHC, ambako chamu huzaliwa kwa wingi, kundi la ALICE limeona dalili kwamba baadhi ya kwaki hufungamana upya. Hali hiyo ya joto tuiiteje? Tumekwisha kuwa na neno lake: kufunguka. Istilahi iliyoundwa vizuri kwa dhana moja imetupa ya pili bila gharama.

5.0 Miisho mitatu ya fungamano

Istilahi hupimwa inapokutana na jambo ambalo haikuundwa kwa ajili yake. Mara nyingi husikika kwamba chembe huoza. Neno hili limeenea, nasi hatutarajii kuling'oa, lakini katika uwanja huu linaficha mengi. Fungamano la kwaki nzito huweza kuisha kwa njia tatu zisizofanana, na mwanafunzi anayezichanganya hataelewa kwa nini ugunduzi wa 1974 ulishangaza.

Njia ya kwanza ni ile ya J/psi. Kwaki na kinzani yake hukutana na kufutana, na nishati yake hutoka kwa umbo la chembe nyingine. Karibu mara 6 kati ya 100 hutoka elektroni na positroni, na hizo ndizo alama zilizoliongoza kundi la Ting. Kiswahili kina kitenzi cha tendo hili: kuangamizana. Njia ya pili ni ile ya ngazi iliyo juu ya kizingiti cha elektronivolti bilioni 3.73, kama vile chembe iitwayo psi 3770. Hiyo ina nishati ya kutosha kukata kamba, nayo huvunjika na kuwa mesoni mbili, kila moja ikiwa na chamu au kinzani yake pamoja na kwaki nyepesi. Njia ya tatu ni kufunguka, katika joto tulilolitaja.

Tofauti kati ya njia ya kwanza na ya pili ndiyo iliyowashangaza wanafizikia. Upana wa J/psi, ambao ni kipimo cha haraka yake ya kuisha, ni takriban elektronivolti 93,000. Ule wa psi 3770 ni takriban milioni 27, karibu mara 300. J/psi haina nishati ya kuvunjika, wala haina joto la kufunguka. Imebakiwa na kuangamizana peke yake, na njia hiyo ni nyembamba. Kwa neno kuoza, maelezo haya yote hupotea.

Jaribio gumu zaidi ni la topu. Kwaki hii iligunduliwa Fermilab mwaka 1995, na tungamo lake ni takriban elektronivolti bilioni 173. Huishi kwa muda mfupi kuliko ule unaohitajika ili mfungamano ukamilike, na kwa miaka mingi ilielezwa kwamba haifungamani kamwe. Mwaka 2025 makundi ya CMS na ATLAS huko CERN yaliripoti kwamba jozi za topu huonekana kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa karibu na kizingiti cha elektronivolti bilioni 345, kama ambavyo ingekuwa iwapo topu na kinzani yake zimeanza kushikana kabla ya kutoweka. Je, hilo ni fungamano? Nomino yasitasita hapa, na ina haki ya kusitasita. Kitenzi hakisitasiti. Twaweza kusema kwamba topu hizo zilitoweka zikifungamana, tukitumia -ki- ya tendo lisilokamilika, badala ya kusema kwamba zilikuwa zimefungamana. Tofauti kati ya -ki- na -me-, ambayo mtoto wa Bukavu huijua kabla ya kuanza shule, yatosha kuonyesha mahali ambapo swali la wanafizikia limesimama.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza litasema kwamba fungamano ni neno la siasa. Ni kweli, kila msikilizaji wa redio amesikia habari za nchi zisizofungamana na upande wowote. Lakini kupanua maana ni mojawapo ya njia za kale za kuunda istilahi, na maana ya kisiasa haipotoshi ile ya kisayansi. Katika zote mbili walioungana hubaki wenyewe, ila hawaendi tena kila mmoja kwa njia yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Litasema kwamba maumbo haya ni ya Kiswahili sanifu, na kwamba Kiswahili cha Kivu, kinachosemwa sokoni Kadutu, hakiyatumii hivyo. Sisi wenyewe tumelipima pingamizi hili kwa uangalifu. Jibu letu ni kwamba kufunga na kufungua ni maneno ya kila mlango na kila gunia mjini hapa, na viambishi vya kutendeana na vya hali hupatikana pia katika lugha za Kibantu zinazozungumzwa kandokando ya ziwa. Msemaji wa Mashi hahitaji kufundishwa kutendeana ni nini. Ugeni uliopo ni wa kuyaunganisha maneno haya na fizikia, na ugeni huo ungekuwapo kwa neno lolote.

Pingamizi la tatu husema kwamba kazi yote hii ni bure, maadamu mtihani utaandikwa kwa Kifaransa. Hatudai kwamba Kifaransa kiondoke. Tunadai tu kwamba mwanafunzi anayejieleza jambo usiku kwa lugha moja na kulijibu asubuhi kwa lugha nyingine hujifunza mara mbili, na kwamba ile mara ya kwanza isimpotoshe.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba majina ya kwaki nzito hayabebi dhana, na kwa hiyo yatoholewe: chamu, botomu, topu, pamoja na chamonia na botomonia. Dhana zinazohitaji kutengwa ni tano, nazo zote hupatikana katika vitenzi vyetu: kufungamana, kutofunguka na kinyume chake kufunguka, kuvunjika, na kuangamizana. Kufungwa kuachwe kwa yule aliye na mfungaji.

Tunajua kwamba mwanaisimu akipendekeza istilahi za fizikia peke yake atakosea mahali fulani, labda pale ambapo anajiamini zaidi. Kwa hiyo tunawaomba wenzetu wa fizikia wa vyuo vya Bukavu, na wale wa ng'ambo ya Ruzizi, wayatumie maneno haya matano darasani kwa muhula mmoja, kisha watuandikie ni lipi lililovunjika mikononi mwao. Yule mwanafunzi wa daftari amekwisha kuanza. Sentensi yake ya pili sasa yasomeka hivi: kwaki zimefungamana ndani ya protoni, nazo hazifunguki. Hakuikokotolea chochote.